Musumari wa Tarehe Makumi Mbili na Kenda

Kisangani, tarehe 10 mwezi wa kumi, 2023

Kwa mutoto wangu Lydie, kule Butembo,

Kwanza ujue nani anakuandikia. Anayekuandikia ni Sébastien, mutu ambaye bila yeye hii muji yote ya Kisangani haiwezi kujua leo ni siku gani. Sisemi hivi juu ya kujisifu, kujisifu mimi sijui. Lakini juzi mukubwa mumoja wa jimbo alipita hapa Simi-Simi na magari sita. Akasimamisha mbele ya atelier yangu ya kutengeneza velo za toleka, zile baiskeli za kubeba watu, akashusha kioo, akaniuliza: «Papa Sébastien, leo tarehe ngapi?» Nikamwambia. Akasema aksanti mingi, akageuza magari yote sita, akarudi kwake, juu alikuwa amekosea siku ya mukutano. Tantine yako Fanny anasema ilikuwa mutu wa kuuza sabuni, tena na pikipiki moja. Tantine yako hakuona vizuri. Moshi ya jikoni ilikuwa mingi.

Bon. Salamu. Hapa tuko wazima. Fanny anaumwa goti, ile ya kushoto, lakini mudomo iko muzima kabisa. Mvua inapiga kila siku, muto umepanda, samaki iko bei ya wazungu, tunakula lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo, likambo te, hakuna shida.

Barua yako ilifika na Paluku, ule commerçant wa kwenu Butembo anayeleta maharagwe huku. Lori yake ililala siku kumi na moja kwenye matope upande wa Niania. Barua inanuka vitunguu, lakini inasomeka. Usiniambie tena mambo ya telefone. Kila mara nikianza kusema neno la maana, réseau inakata. Iko na wivu.

Donc nimeelewa hivi: umepata kazi ya kutengeneza programu, ya majaribio tu, mupaka mwisho wa mwezi wa pili. Parokia inataka mashini ikumbuke siku za kila familia, siku ya kuzaliwa, ya ndoa, ya kufiwa, na kila mwaka siku ikifika itume habari kwenye telefone na abbé ataje jina kwenye misa. Abbé akikubali programu, unabaki kazini. Akikataa, unarudi hapa kunishikia spana. Na unaomba siku za ukoo yetu yote ya Yanonge, uijaribishe nazo.

Nimeziandika nyuma ya karatasi hii, ziko makumi tatu na nne. Utaona siku na mwezi. Mwaka sikuandika, juu mwaka hakuna mutu alinipa. Koko Angèle, bibi wa ukoo yote, alizaliwa siku ya Assomption, tarehe 15 ya mwezi wa munane, hiyo hata kuku wanajua, lakini mwaka? Anasema ni ule mwaka ndugu yake aliota meno. Andika hiyo ndani ya mashini tuone.

Yako wewe ni tarehe 29 ya mwezi wa pili, na hiyo haiko tarehe ya bure. Nilikuelezea tangu ukiwa mudogo, nakuelezea tena: mama yako Simone, mudogo wangu, Mungu amupumuzishe, alikuwa kwenye boti ya kutoka Isangi na samaki yake ya kukaushwa. Saa sita ya mchana, paf! muto ulisimama. Maji ya Kongo yote, nakwambia, haikuenda mbele, haikurudi nyuma. Viboko walipanga mustari kama wanafunzi. Ukalia. Na kapita wa boti akapiga honi mara makumi mbili na kenda, bila kujua sababu, mukono ulijipiga wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ukingo, nikahesabu moja kwa moja. Ndiyo ile siku.

Kula vizuri. Kule kwenu baridi ni mingi, vaa soksi.

Tonton yako,
Sébastien


Butembo, tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, 2023

Tonton mupendwa,

Nakusalimia, namsalimia tantine Fanny na goti lake. Mimi niko muzima. Baridi ni kweli: asubuhi navaa sweta mbili, na watu wa hapa wananicheka, wanasema huyu wa Kisangani anatembea kama mugonjwa. Aksanti kwa zile siku makumi tatu na nne. Nilipoona mwandiko wako nililia kidogo, usimwambie mutu.

Tonton, mambo haiendi vizuri. Programu hii ilianzishwa na mutu mwingine aliyeondoka. Yeye aliijenga hivi: tarehe lazima iwe na siku, mwezi na mwaka, vitatu pamoja. Ukikosa mwaka, inakataa. Na nusu ya waamini ni kama Koko Angèle, wanajua siku, hawajui mwaka. Wengine wanaujua, ila hawataki useme. Basi nikatafuta ujanja. Kila asiye na mwaka nikamuwekea 1900. Nilidhani hakuna atakayeona.

Wiki jana mashini ikamtumia mama Katungu, muuza unga wa sokoni, mwanamuke ambaye hajafika hata miaka hamsini: «Heri ya siku ya kuzaliwa, mama Katungu! Leo unatimiza miaka 123.» Akaingia ofisini na telefone mukononi, majirani watatu nyuma yake.

«Nani hapa amenizeesha?»

Nikasema ni mimi, mama.

«Wewe ulikuwepo nikizaliwa? Muume wangu tangu asubuhi ananiita koko! Watoto wananisaidia kuvuka barabara!»

Abbé Osée, padri wa parokia, alikuwa pale. Alicheka mupaka akatoa miwani. Kisha akaacha kucheka, akaniambia: «Dada, kosa la pili hatutalicheka.» Atakuja kuiangalia programu tarehe 29 ya mwezi wa pili. Siku ile ile atasema ndiyo au hapana.

Halafu nikaingiza siku yangu mwenyewe kama ulivyoiandika, bila mwaka, na 1900 yake. Mashini ikajibu: «Tarehe hii haipo.» Nilitafuta sababu. Kumbe mwaka 1900 haukuwa na tarehe 29 ya mwezi wa pili. Miaka inayoisha na sifuri mbili hairuhusiwi siku hiyo, isipokuwa ile inayogawanyika kwa mia nne. Kwa hiyo 2000 ilikuwa nayo, 1900 hapana. Nikiweka 2000 kwa wote, siku yangu inakubaliwa, lakini Koko Angèle anakuwa musichana wa miaka makumi mbili na tatu.

Naomba unisaidie kwa neno moja. Ni kweli nilizaliwa tarehe 29? Nani aliona? Kama ni 28, au tarehe moja, niambie sasa. Nitaibadilisha na sitakasirika. Honi naikumbuka, Tonton. Mimi nauliza siku.

Mutoto wako,
Lydie


Kisangani, tarehe 9 mwezi wa kwanza, 2024

Lydie mutoto wangu,

Bonne année. Nimechelewa kujibu juu hapa kazi ilikuwa mingi. Toleka zote za muji zilivunjika siku moja, mustari ulianza kwangu mupaka kule kwenye marché, polisi walikuja kupanga watu. Fanny anasema zilikuwa velo mbili. Goti lake linaendelea vizuri. Tulifanya Noeli na kuku moja, tulikula tukikutaja. Paa ya jikoni imevuja, nimeweka bati. Bati ni nzuri sana.

Mambo ya mama Katungu nimesoma mara nne. Mara ya nne nilicheka mupaka nikaanguka toka kwenye kiti. Mupe pole yangu na umwambie mimi kwa sauti yake tu kwenye barua ninaona hajapita makumi tatu.

Lile swali lako lingine nimeliona.

Sasa, alors, tuseme juu ya mashini yako. Iko mujinga. Mutu aliyeitengeneza hakukaa na watu. Unaukumbuka mulango wangu? Ule mulango wa zamani wa magazini ya bidhaa, ninaoegemeza kwenye ukuta wa atelier? Ulikua mbele yake, ulijifunzia kuhesabu pale. Tuuangalie tena, pole pole, wewe na mimi.

Mulango uko na mistari kumi na mbili ya misumari. Mustari moja, mwezi moja. Musumari moja, siku moja. Kwenye musumari ninatundika kifuniko cha chupa chenye jina nililokwaruza na musumari mwingine. Jumamosi ninaangalia wiki inayokuja, ninaandika majina, Jumapili ninayasoma kanisani kisha ya komunyo na sauti yangu hii. Ni miaka makumi tatu sasa, hakuna mutu nilimusahau.

Bon, niambie: mwaka uko wapi kwenye mulango? Haupo. Sikuuacha juu ya uvivu, hakuna mahali pake tu. Assomption ya Koko Angèle inarudi, ninashika kifuniko chake, ninasoma jina, basi. Miaka yake atasema mwenyewe akitaka, na hataki.

Na misumari yote ni mia tatu makumi sita na sita. Hesabu, mimi nilihesabu. Mwezi wa pili uko na misumari makumi mbili na kenda, kila mwaka. Ule mwaka ambao kalandari inaruka siku ya mwisho, wewe uliniona ninachomoa musumari? Hapana. Musumari unabaki, kifuniko chako kinabaki juu yake. Siku ndiyo haikuja, lakini mahali pake iko.

Wabeleji watatu walikuja kutaka kuununua huu mulango waupeleke kwao kwenye maonyesho. Nikawafukuza na pompe ya velo.

Fanya vizuri. Mwisho wa mwezi wa pili iko karibu.

Tonton yako,
Sébastien


Butembo, tarehe 2 mwezi wa pili, 2024

Tonton,

Nakusalimia kwa mikono miwili. Barua yako ilifika Jumatatu. Njia ni kavu, Paluku anasema alipita Niania anaimba. Nafurahi kwa bati.

Niliisoma nimesimama mulangoni na sikuingia ndani mupaka nilipomaliza. Aksanti. Sijui kuandika aksanti kubwa kuliko hiyo. Miaka yote nilitazama ule mulango, na ilibidi nije mupaka huku nigonge kichwa kwenye 1900 ndipo niuone.

Nimevunja ile sehemu yote na kuijenga upya. Tarehe ya kurudi kila mwaka sasa ina vitu viwili tu, mwezi na siku, kama musumari. Mwaka nimeuwekea kisanduku chake pembeni. Anayeujua na anayetaka, anaujaza. Kisanduku kikiwa kitupu, programu inasema heri na jina, na inanyamaza juu ya miaka. Mwezi wa pili unakubali 29 siku zote, haiulizi ni mwaka gani. Sikubakisha 1900 wala 2000, wala mwaka mwingine wa uongo. Nilijiingiza mwenyewe, na mashini haikusema kwamba sipo.

Imebaki kitu kimoja, na abbé Osée atakiuliza, namujua. Mwaka huu 29 iko. Mwaka kesho haipo. Aliyezaliwa 29, mashini imutumie heri siku gani? 28, ao tarehe moja ya mwezi wa tatu? Ofisini tumegombana siku mbili. Kwetu mulifanyaje? Mimi nakumbuka kuku mara mbili, lakini pengine ni tumbo la mutoto linalokumbuka vile.

Tonton, lile swali hukujibu. Nauliza tena kwa heshima yote.

Lydie


Kisangani, tarehe 14 mwezi wa pili, 2024

Lydie,

Naandika haraka, lori ya Paluku iko tayari inawaka mbele ya atelier, anapiga honi kama mutu anayefukuza mbuzi. Wote wazima. Goti ni vile vile.

Tumbo lako linakumbuka vizuri. Ulipotimiza mwaka wako wa kwanza, mimi nilisema tarehe 28, juu wewe ni mutoto wa mwezi wa pili, sitakupeleka kwenye mwezi wa watu wengine. Fanny akasema: «Sébastien, mutoto hawezi kumaliza mwaka kabla mwaka haujaisha! Ni tarehe moja!» Nikasema nani mwenye mulango hapa? Akasema nani mwenye sufuria hapa? Donc tulikula siku mbili, na vile vile kila mwaka usiokuwa na 29.

Lakini usifikiri ndiyo sheria ya wote. Ndugu yetu Carlos wa Banalia, baba yake alikufa tarehe 29. Wao wanasali ile siku yenyewe tu. Miaka mitatu wananyamaza, wa nne wanalia kwa yote. Ukienda kuwaambia walie tarehe 28, watakufukuza. Kwa hiyo mashini isijifanye ndiyo baba wa familia. Musumari iweke yenyewe, halafu iulize wenye kifuniko: mwaka siku ikikosekana, munataka mbele, tarehe 28, ao nyuma, tarehe moja, ao zote mbili, ao munangoja? Wanachojibu ndicho unaandika pembeni ya jina lao.

Nimeona umeuliza tena. Paluku anafunga mufuko wa barua

Sébastien


Butembo, tarehe 3 mwezi wa tatu, 2024

Tonton yangu, papa yangu,

Salamu kwako na kwa tantine. Kaa kwanza kwenye kiti.

Nimebaki kazini! Tafuta mutu mwingine wa kukushikia spana, mimi sirudi!

Alhamisi tarehe 29 abbé Osée alikuja na wazee wa parokia, na mama Katungu alijileta mwenyewe, alisema anakuja kulinda umri wake. Abbé akaanza na yeye. Akaandika siku na mwezi, mwaka akaacha. Programu ikasema: «Heri ya siku ya kuzaliwa, mama Katungu.» Basi, hakuna kingine. Mama Katungu akasoma mara mbili, akageuza telefone kutafuta kama miaka imejificha nyuma, kisha akasema: «Sasa hii mashini imelelewa vizuri.»

Halafu abbé akaniangalia. «Na anayezaliwa leo? Mwaka kesho mutamutupa wapi?» Nikaingiza jina langu. Programu ikamuuliza: mbele, nyuma, zote mbili, ao kungoja? Akasema: «Nimekuwa padri miaka kumi na sita, na hili hakuna mutu aliwahi kuwauliza watu.» Akasaini pale pale, mukataba wa mwaka muzima.

Akauliza nani alinifundisha. Nilisema ni Tonton wangu, fundi wa toleka, Simi-Simi. Nilisema kila kitu: kwamba mama yangu alikufa sijamujua, kwamba mulinichukua wewe na tantine mukiwa hamuna kitu, na jina langu mukalitundika kwenye mulango pamoja na ya watu wazima. Mama Katungu alinipa kitenge chake nijipanguse.

Na ili wasinione nalia, nikawasimulia siku yangu: muto ulivyosimama, viboko kwenye mustari, kapita na honi yake mara makumi mbili na kenda. Tonton, walipiga makofi! Abbé anataka kuiandika kwenye gazeti dogo la parokia kwa Pasaka, na kuisoma kwenye misa, jina lako juu kabisa. Anaomba uiandike mwenyewe na uweke saini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Natuma kitenge kwa tantine na mafuta ya goti. Kwako natuma sweta. Najua Kisangani hakuna baridi. Ivae siku moja tu, kwa ajili yangu.

Aksanti kwa siku yangu. Sitauliza tena. Kama ulikuwa kwenye ukingo ukahesabu, inatosha.

Mutoto wako,
Lydie


Kisangani, tarehe 15 mwezi wa tatu, 2024

Lydie,

Vitu vyote vilifika. Fanny alipaka mafuta, akavaa kitenge, akatembea mupaka kwa majirani wote kuonyesha goti. Sweta niko nayo mwilini saa hii nikiandika, jasho inaanguka kwenye karatasi, utaona madoa. Aksanti, mutoto wangu. Barua yako nilimusomea Fanny mupaka mahali pa kitenge cha mama Katungu, kisha sikuweza, akamalizia yeye. Simone angekuwa hapa angepiga kelele mupaka ng'ambo ya muto.

Kwenye mulango nimefanya kitu: kifuniko chako nimekipigia rangi. Watu wanauliza huyu ni nani. Ninasema ni injinia. Ninasema pia mengine, lakini hilo la injinia ni kweli.

Nilianza kuandika ile hadithi kwa abbé. Nilifika kwenye viboko. Nikaangalia pale anapotaka niweke saini, mbele ya altare, siku ya Pasaka. Nikachana karatasi. Nikaanza tena, nikachana. Fanny akauliza kama ninatengeneza confetti za kurusha kwenye ndoa.

Mwambie abbé asiandike. Lori inatoka leo na njia ni kavu, hii itafika mbele ya Pasaka.

Muto haukusimama, Lydie. Na mimi sikuwa kwenye ukingo, nilikuwa chini ya velo ya mutu. Boti ilifika tarehe mbili ya mwezi wa tatu, Simone alikuwa na homa, wewe ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa cha bluu. Nikauliza wanawake wa boti mutoto alizaliwa lini. Mumoja akasema juzi. Mwingine akasema mbele ya juzi. Mwingine akasema ni kisha tu ya kupita Yanonge, lakini boti ilikuwa imeharibika pale, ilipita Yanonge mara mbili. Simone mwenyewe alisema: «Ni muzuri, eh?» Hicho tu ndicho alisema juu yako, na hicho sikuongeza kitu. Kisha ya siku mbili alituacha.

Kwa hiyo siku ya kweli hakuna anayeijua. Hii ndiyo jibu ulilongoja tangu mwezi wa kumi na moja, na unisamehe. Ni 28, ao 29, ao tarehe moja. Ni mimi nilichagua. Kila uliponiuliza niliona aibu, haikuwa juu ya kutokujua, ilikuwa juu ya namna nilivyochagua.

Nilienda kwenye biro ya commune kukuandikisha. Karani akanyanyua kalamu: «Papa, tuweke tarehe gani? Chagua, watu wanangoja.» Mimi nilikuwa ninawaza Simone, ninawaza maziwa, velo za kutengeneza zilikuwa haziji. Karani akamwambia mwenzake wa meza ya pili, anacheka: «Akichukua 29, huyu mutoto atafanya fête ya kuzaliwa mara moja kwa miaka mine.»

Na mimi, Sébastien, nikaona kichwani majirani wote wa Simi-Simi na sahani zao, wanakuja kila mwaka. Nikasema 29, haraka haraka, kabla karani hajabadilisha mawazo.

Lydie mutoto wangu, siku yako niliichagua juu ya kukwepa kuku.

Sébastien